Je, skrubu ni msumari wenye maringo?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Tunajenga nyumba ya vyumba vitatu huku Uyole, Mbeya, na sasa tumefika kwenye kupaua. Fundi ametuandikia karatasi ya vifaa: misumari ya inchi nne na ya inchi tatu, misumari ya bati, skrubu boksi mbili, halafu chini kabisa "parafujo za bawaba". Dukani muuzaji kaniambia skrubu na parafujo ni kitu kimoja, kwamba fundi kaandika mara mbili ili apate cha juu. Kisha kaongeza kwamba misumari imepitwa na wakati, nifunge skrubu paa zima. Mume wangu naye anasema skrubu ni msumari tu wenye maringo. Nani mkweli? Na je, bati za jiko letu la zamani, zenye matundu ya misumari, naweza kuzitumia tena?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimefundisha useremala huku Mafinga miaka mingi, na karatasi kama hiyo yako nimeletewa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nianze na huyo mkwe wangu, maana kauli yake imenichekesha, na ina ukweli kidogo ambao pengine yeye mwenyewe hakuukusudia.

Msumari ndiye mkubwa kwa umri. Neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu, nao wanasema mismari, na limekaa kwetu muda mrefu hata likaingia ngeli ya mti na mlango: msumari huu, misumari hii. Ukilitazama huoni tena kwamba lilikuja kwa jahazi. Parafujo ilifika na Wareno, wale waliotia nanga Pwani mwaka 1498, wakajenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593, wakaipoteza mwaka 1698. Walituachia meza, leso na hiyo parafujo. Skrubu imekuja baadaye kabisa, nayo inaonekana ni mgeni hadi leo: skrubu hii, skrubu hizi, haijabadilika umbo. Kwa hiyo kwa upande wa lugha muuzaji yuko sawa. Parafujo na skrubu ni kitu kimoja chenye majina mawili, na wazee wengine walikiita msumari wa parafujo. Hapo ndipo mkwe wangu anapopata nusu ya haki yake.

Lakini muuzaji amesoma neno moja akaacha mengine. Fundi hakuandika "parafujo" tupu, ameandika "parafujo za bawaba". Zile boksi mbili za juu ni za kufungia bati: ndefu, zina kichwa cha pembe sita na kipande cha mpira chini yake. Za bawaba ni fupi, kichwa chake ni bapa na kimechongwa kwa chini ili kizame kwenye tundu la bawaba kisikwaruze mlango ukifungwa. Ukimpelekea za bati afungie mlango atakurudisha dukani. Hakukuibia. Mlaumu kwa jambo jingine: ameandika idadi bila urefu. Mwambie aandike inchi na aandike za wapi.

Sasa tofauti yenyewe. Mimi wanafunzi wangu sikuwaanzishia na umbo, niliwaanzishia na kitenzi. Msumari unapigwa, unapigiliwa, unagongomewa, ukiharibika unang'olewa. Skrubu inakazwa, na ikikukosesha raha inalegezwa. Hakuna Mswahili anayesema "nenda kalegeze ule msumari", wala "ing'oe ile skrubu", labda awe amekata tamaa. Hata wanaoandika magazeti wanalijua hili bila kufundishwa. Kiongozi akitilia mkazo neno la mwenzake, wanaandika amepigilia msumari. Timu ikifunga bao la tatu dakika za majeruhi, huo ni msumari wa mwisho. Jambo limekwisha, halina marudio. Ila kocha akitaka mabeki wake wasichezee nafasi, anakaza nati, na mtu ambaye akili haikai sawa tunasema nati zimelegea, maana yake akipatikana fundi zinaweza kukazwa tena. Kupigilia ni mara moja. Kukaza kuna kesho yake.

Na ndivyo vinavyofanya kazi ndani ya mbao. Msumari ukiingia, unasukuma nyuzi za mbao pembeni. Nyuzi zile zinataka kurudi mahali pake, zinaubana, na kule kubanwa ndiko kunakoushika. Ni msuguano mtupu. Skrubu haitegemei kubanwa peke yake. Ina yale meno yanayozunguka mwili wake, ambayo kwenye kamusi utayakuta kwa jina la hesi, nayo yanajikatia njia na kukaa katikati ya nyuzi. Ili uichomoe skrubu kwa kuivuta inabidi upasue mbao inayoizunguka. Ndiyo maana ukishindanisha msumari na skrubu za unene mmoja kwenye kuvutwa, skrubu inashinda kwa mbali, wala hakuna ubishi.

Muuzaji angeishia hapo, angeonekana bingwa. Tatizo ni kwamba paa halivutwi tu.

Chukua kenchi, yale mafremu ya mbao yanayobeba paa. Pale mbao mbili zinapokutana, mzigo wa bati na wa mtu anayetembea juu unazisukuma zipishane, moja iende huku na nyingine kule, na kile kilichozishika kinabanwa kwa ubavu kama kijiti kati ya meno ya mkasi. Hapo msumari wa kawaida una sifa moja ambayo watu huidharau: chuma chake ni laini kiasi, kinapinda kabla ya kukatika. Kenchi iliyozidiwa inalalamika, inalegea, unaona ufa, unaita fundi. Skrubu nyingi za madukani kwetu, hasa zile nyeusi nyembamba za dari la jipsamu, zimekaushwa kwa moto zikawa ngumu, na kigumu cha namna hiyo hakipindi. Kinakatika pu, bila salamu. Skrubu madhubuti za kubebea mzigo wa mbao zipo duniani, ila sizo hizo unazouziwa kwenye boksi la dari. Kwa hiyo kenchi yako ipigwe misumari, na muuzaji akikushawishi vinginevyo mwambie Mwalimu amekataa.

Hiyo misumari ya inchi nne ni kwa ajili ya mbao za inchi mbili zinazolala juu ya nyingine, na kwa papi, zile mbao za mbili kwa mbili zinazopita juu ya kenchi na kufungiwa bati. Mbao zikipishwa bega kwa bega, mbili na mbili ni nne, na kwa kuwa mbao ya msumeno mara nyingi haifiki inchi mbili kamili, ncha itatokeza kidogo upande wa pili. Fundi mzuri anaikunja ile ncha kwa nyundo, anailaza kukata nyuzi za mbao. Akiiacha imesimama, amekuachia mwiba na amekupunguzia nguvu. Ya inchi tatu ni ya ubao wa inchi moja, kama ile fisha bodi ya pembeni mwa paa: theluthi moja ya msumari ibaki kwenye ubao wa juu, theluthi mbili zizame kwenye ule wa chini. Kipimo hicho nimekitumia maisha yangu yote na hakijaniangusha.

Umesema mnajenga Uyole, kwa hiyo karibu nina hakika mbao zenu ni paini, na kuna kila dalili zimeshuka na lori kutoka huku kwetu, Sao Hill, lile shamba la miti la serikali la Mufindi ambalo ndilo kubwa kuliko yote nchini. Paini ni mbao ya kirafiki. Inapokea msumari bila ugomvi. Mlingoti, ambao wengine mnauita mkaratusi, si rafiki hata kidogo: ukipiga karibu na kichwa cha ubao unapasuka mpaka katikati. Ukilazimika kupigilia mlingoti, au mninga, geuza msumari, uweke kichwa chini juu ya kitu kigumu, uigonge ncha mara moja iwe butu. Watu hushangaa nikiwaambia hivi, wanadhani msumari mkali ndio mzuri. Ncha kali inaingia kama kabari, inatenganisha nyuzi. Ncha butu inazivunja nyuzi zilizo mbele yake, ikapita bila kupasua. Na misumari miwili isipangwe kwenye mstari mmoja wa nyuzi, ipishane.

Ila paini ina jambo moja ambalo litakuhusu hata usipotaka. Inauzwa mbichi. Inakatwa leo, inapasuliwa kesho, keshokutwa iko Mbeya bado inatoa maji ukiiminya kwa msumari. Mbao mbichi ikikauka inasinyaa, na ikisinyaa ile kubana niliyokueleza inapungua. Msumari uliokuwa umeshikwa kwa meno sasa umeshikwa kwa midomo. Kama mna nafasi, zipangeni mbao kivulini kwa wiki kadhaa, kila safu itenganishwe na vijiti ili hewa ipite, mlaze kitu kizito juu zisijipinde. Najua hamna nafasi, kila mtu huwa na haraka ya kupaua kabla ya kifuku. Basi angalau mwambieni fundi arudi baada ya miezi michache apite kwenye kenchi na nyundo, kabla dari halijafungwa, maana dari likishafungwa hakuna atakayepanda tena.

Tuje kwenye bati, na hapa namuunga mkono muuzaji, ingawa sababu aliyoitoa si yenyewe. Misumari ya bati haijapitwa na wakati kwa sababu ya fasheni. Ukitazama upepo unavyopita juu ya nyumba utadhani unalikandamiza paa, kumbe kwa sehemu kubwa unalivuta kwenda juu. Ndiyo maana lugha yetu ina kuezeka na kuezua: upepo unaezua, unafanya kinyume cha kazi ya fundi, unachomoa. Na kuchomolewa ndiko udhaifu wa msumari uliko. Aliyewahi kuishi Makambako ananielewa. Huko upepo ni mwenyeji, si mgeni. Uyole nako hamjaachwa.

Ongeza na hali ya hewa ya nyanda zetu. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai usiku bati linakuwa baridi kama kisu cha bucha, mchana jua linalichoma. Kila siku bati linatanuka na kusinyaa, na kila likifanya hivyo linakitikisa kichwa cha msumari kidogo. Miaka ikipita unakuta misumari imechomoza kama mtu anayechungulia. Waliotengeneza misumari ya bati walilijua hilo, wakaivika ile kofia pana na wakatengeneza mingine iliyosokotwa mwili. Huo msumari uliosokotwa ndio maringo anayoyasema mkwe wangu: unapigwa kama msumari, lakini ukiingia unajizungusha ukijaribu kuwa skrubu. Ni mseto mzuri. Kama fedha imebana, chukua huo, na nisingekucheka.

Kama fedha ipo, funga skrubu zenye mpira. Kuna mambo ya kuangalia. Dukani zipo za aina mbili zinazofanana sana: yenye ncha kama ya drili ni ya kutobolea papi za chuma, yenye ncha kali iliyochongoka ni ya mbao. Wewe unataka ya mbao. Ifungwe mgongoni mwa bati, si bondeni, kwa kuwa bondeni ndipo maji yanapopita. Ikazwe mpaka mpira ubonyee kidogo na ushike pande zote, basi. Vijana wenye drili za betri wanapenda kuisikia ikilia. Wakiizidisha mpira unapasuka, bati linabonyea, na hapo ndipo pa kwanza kuvuja. Na hakikisha zimepakwa zinki. Kwenu si kama Tukuyu, ambako mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka na chuma tupu kinaota kutu hujamaliza hata kuhamia, lakini kutu haina haraka, itakufikia.

Wanyakyusa, kwa njia, walikuwa na nyumba za mianzi zilizosifiwa na kila mgeni aliyezikuta, na zile hazikupigwa hata msumari mmoja. Zilifungwa kwa kamba. Pwani nako mitepe, vile vyombo vya baharini vya zamani, ilishonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi ikavuka bahari. Nadhani ndiyo maana hadi leo fundi wetu "anafunga" bati, "anafunga" bawaba, "anafunga" dari, hata kama mkononi ana nyundo. Lakini nimetoka nje ya swali.

Bawaba. Hapa msiweke msumari hata mkiambiwa nini. Mlango unafunguliwa na kufungwa kila siku, na kila mara uzito wake unaivuta bawaba ya juu itoke kwenye fremu. Msumari utachomoka tu, ni suala la lini.

Na skrubu ya bawaba haipigwi nyundo. Hili nalisema kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza wa uanagenzi nilipewa milango ya nyumba moja niimalizie, mwenye karakana akasafiri. Kutoboa kwa kekee, ile drili ya mkono, na kuzungusha bisibisi kwenye mninga kulinichosha kabla ya saa nne asubuhi. Nikachukua nyundo, nikazipiga skrubu zote mpaka zikabaki robo, nikazimalizia kwa mizunguko miwili ya bisibisi. Kwa nje zilipendeza, vichwa vimelala sawasawa. Ndani nilikuwa nimezichana nyuzi zote ambazo meno ya skrubu yalipaswa kuzishika. Nilikuwa nimetengeneza misumari mibaya ya bei kubwa. Kifuku hakikuisha, mlango wa mbele ukamwangukia mwenye nyumba begani akiwa na ndoo ya maji. Nilirudi kuifunga upya milango yote bila malipo.

Njia sahihi ni kutoboa kwanza tundu jembamba, unene wa mwili wa skrubu ukiondoa meno. Kwenye paini unaweza kupitisha tu msumari mdogo na kuuchomoa. Kwenye mbao ngumu tumia drili, na paka meno ya skrubu sabuni ya mche. Itaingia kwa utulivu na haitakatika kichwa. Bisibisi iwe ya saizi yake, ya nyota kwa nyota na bapa kwa bapa, vinginevyo itakula mdomo wa skrubu na hutaweza tena kuikaza wala kuilegeza. Na matundu yote ya bawaba yajazwe. Fundi akijaza mawili kati ya manne na kukwambia yanatosha, hapo ndipo umuulize zilizobaki ziko wapi, maana hapo ndipo cha juu kilipo. Wala usikubali akupe zile nyeusi za jipsamu eti zimebaki.

Mwisho, bati za jikoni. Unaweza, kwa masharti. Kwangua pembeni mwa kila tundu kwa ncha ya msumari. Ikitoka rangi tu na chuma kikang'aa, bati lina uhai; ikimeguka, weka pembeni. Zilizo hai zipange ili matundu ya zamani yaangukie juu ya papi kadiri inavyowezekana, kisha kila tundu lizibwe na skrubu ya bati iliyo nene kuliko msumari uliokuwepo, mpira wake utafunika. Lisilofika kwenye papi lizibe kwa lami au silikoni, na usilitegemee juu ya chumba cha kulala. Yale mabati yaliyokaa moja kwa moja juu ya mafiga ya kuni yaangalie kwa upande wa ndani, kwenye masizi. Moshi huanza kulila bati kwa chini, na mengi ya hayo utakuta kwa juu yanang'aa lakini kidole kinapita.